Lugha Nyingi na Lugha Moja: Habari za Visiwa vya Vanuatu

Katika bahari kuu ya Pasifiki, upande wa mashariki wa Australia, iko nchi ya visiwa iitwayo Vanuatu. Visiwa vyake vyapita 80, navyo vimepangika toka kaskazini hata kusini mwendo wa kilometa 1,300 hivi, mfano wa herufi Y. Kilicho kikubwa kuliko vyote ni Espiritu Santo. Mji mkuu, Port Vila, uko katika kisiwa cha Efate. Ni nchi ya milima ya moto. Mlima Yasur wa kisiwa cha Tanna hutoa moto na majivu mpaka leo, na katika mwaka wa 2017, na tena 2018, watu wa kisiwa cha Ambae, wapata 11,000, walihamishwa wote kwa ajili ya mlima wao.

Hesabu ya mwaka wa 2020 yaonyesha kuwa wenyeji wote wa nchi hii ni wapata 300,000 tu. Lakini lugha zao za asili zapita 100, na wako wataalamu waliohesabu 138. Hapana nchi nyingine duniani yenye lugha nyingi hivi tukilinganisha na idadi ya watu wake. Twataka kueleza hapa jinsi watu hao walivyopata lugha moja ya kusemezana. Walimu na makasisi walijaribu njia mbili, na watu wenyewe wakashika ya tatu. Habari hiyo yamhusu kila mtu afundishaye mahali palipo na lugha zaidi ya moja.

Watu wa kwanza walifika visiwani kwa mashua zao miaka 3,000 iliyopita, nao walikuwa wafinyanzi hodari. Makaburi yao pamoja na vyungu vilivyotiwa nakshi yalivumbuliwa mwaka wa 2004 mahali paitwapo Teouma, katika kisiwa cha Efate. Lugha zao ni za ukoo mmoja na Kimalagasi cha Madagaska. Mmalagasi akihesabu tatu husema telo, na katika lugha nyingi za Vanuatu tatu ni tolu, au tol. Kwa miaka mingi usemi uligawanyika, kisiwa na kisiwa, bonde na bonde. Wala watu hawakuona kuwa ni taabu, maana waliooana na kufanya biashara walijifunza lugha ya jirani. Tena katika visiwa vya kaskazini na vya katikati walikuwa na sanaa ya kuchora mchangani kwa kidole kimoja, mstari usiokatika, na kwa michoro hiyo watu wa lugha mbalimbali waliweza kupashana hadithi na habari. Sanaa hiyo ingaliko.

Wazungu wa kwanza kufika ni Wahispania, pamoja na nahodha Quiros, mwaka wa 1606. Mwaka wa 1774 Mwingereza James Cook aliviita visiwa hivi New Hebrides, nalo jina hilo lilidumu mpaka 1980. Mmisionari John Williams aliuawa katika kisiwa cha Erromango mwaka wa 1839. Hata hivyo wengine walifuata.

Njia ya kwanza ni ile ya Wapresbiteri, yaani kila kisiwa kifundishwe kwa lugha yake. John Geddie, aliyetoka Kanada, alifika kisiwa cha Aneityum mwaka wa 1848, akajifunza lugha ya huko, akaiandika. Agano Jipya lilipigwa chapa mwaka wa 1863, na Biblia nzima ikatimia mwaka wa 1879. Wenyeji hawakupewa bure: walichimba na kusaga uwanga, ukauzwa ng'ambo, na kwa fedha yake wakalipia kitabu chao. Lakini merikebu zilizoleta biashara zilileta na maradhi. Surua ya mwaka wa 1861 peke yake iliua wapata theluthi ya watu wa kisiwa. Walipokuja Wamisionari, wenyeji walihesabiwa kwa maelfu. Baada ya miaka themanini walikuwa mamia machache tu. Kanisa kubwa la mawe, lililojengwa kwa watu elfu, likawa gofu. Hivyo kitabu kilikuwa tayari, bali wasomaji walikuwa makaburini. Kosa halikuwa la lugha, wala la waliofasiri. Ila twajifunza kwamba lugha haiishi kitabuni, huishi vinywani mwa watu.

Njia ya pili ni ile ya Waanglikana. Wao walichagua lugha moja ya visiwa, wakaifanya ya wote. Askofu Patteson na wenzake walichukua Kimota, lugha ya kisiwa kidogo cha Mota kilicho kaskazini, wakawafundishia vijana wa visiwa vingi katika chuo chao cha kisiwa cha Norfolk. Katika lugha hiyo walisali, waliandikiana barua, na kufasiri Maandiko. Codrington, aliyekuwa mwalimu katika chuo hicho, aliandika juu ya lugha na mila za visiwa hivi vitabu vinavyosomwa hata sasa. Kimota kilitumika zaidi ya miaka sitini. Bali kilikuwa lugha ya chuo na ya kanisa, hakikuingia sokoni wala mashuani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kiliachwa, Kiingereza kikashika mahali pake.

Njia ya tatu haikuchaguliwa na mwalimu ye yote. Katikati ya karne ya 19 wafanya biashara walikuja kukata miti ya sandali, na kutafuta jongoo wa bahari ili wawauzie Wachina. Kisha, tangu 1863, walikuja watafuta vibarua kwa mashamba ya Queensland, Australia. Wengine walikwenda kwa hiari, wengine walidanganywa, wengine walitekwa. Kibarua wa Tanna akiwa shambani pamoja na kibarua wa Malakula hawakuweza kusikilizana, wakajitengenezea usemi kwa maneno ya Kiingereza waliyoyasikia. Waliporudishwa kwao walirudi nao. Usemi huo ndio Kibislama, na jina lake latokana na jina la Kifaransa la huyo jongoo wa bahari.

Kwa muda mrefu wageni walikidharau, wakikiita Kiingereza kibovu. Lakini atazamaye vema ataona kwamba ngozi ni ya Kiingereza, mifupa ni ya visiwani. Pikinini i slip, maana yake, mtoto amelala. Ol pikinini oli slip, watoto wamelala. Hiyo i na hiyo oli hufanya kazi kama a- na wa- zetu. Tena sisi hatuna ila neno moja, "sisi". Wao wanayo mawili. Yumi ni sisi pamoja nawe usikiaye. Mifala ni sisi bila wewe. Mwalimu akichanganya maneno hayo amewafukuza wasikilizaji wake, au amejiingiza asimohusika. Kwa hiyo katika Sala ya Bwana wafasiri waliandika mifala, kwa kuwa Mungu anayeombwa si mmoja wa waombao.

Toka mwaka wa 1906 Uingereza na Ufaransa zilitawala nchi hii pamoja, kwa polisi wa namna mbili na shule za namna mbili, na mwenyeji hakuwa raia wa huku wala wa kule. Waliodai uhuru hawakuweza kuwakusanya watu kwa Kiingereza wala kwa Kifaransa. Waliwakusanya kwa Kibislama. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Julai 1980, na waziri mkuu wa kwanza alikuwa kasisi wa Kianglikana, Walter Lini. Jina jipya latokana na vanua, nchi, na tu, kusimama. Katiba ilikifanya Kibislama kuwa lugha ya taifa, na wimbo wa taifa waitwa kwa lile neno yumi, limetajwa mara tatu. Agano Jipya la Kibislama lilitoka mwaka uo huo wa uhuru, na Biblia nzima mwaka wa 1998.

Hata hivyo Katiba iyo hiyo ilitaja Kiingereza na Kifaransa kuwa lugha kuu za elimu, na mtoto wa mjini mara nyingi hukua na Kibislama pasipo lugha ya babu yake. Kwa sababu hiyo katika miaka ya 2010 serikali ilianza kuruhusu lugha za vijijini katika madarasa ya kwanza. Watu wa Aneityum nao wameongezeka tena. Wasemao lugha yao leo ni karibu elfu moja, na maneno yaliyoandikwa zamani yapo kwa kuwasaidia.

Sisi tulio na Kiswahili cha kutuunganisha, na lugha za makabila nyumbani, tusidhani kwamba lazima moja iue nyingine. Lugha ya wote huenea yenyewe penye haja ya watu. Lugha ndogo ndiyo ihitajiyo mlinzi. Na mwalimu aliye kijijini, mwenye wazee karibu na daftari mkononi, aweza kuanza kazi hiyo mwaka huu.