Darasa Moja, Madarasa Mawili: Anza na Wale Usiowafundisha

Wenzangu wa elimu, tusidanganyane. Orodha ya vituo vya fildi ikibandikwa, kila mtu anaomba shule ya mjini. Ukipangiwa shule shikizi unapewa pole kama umefiwa. Lakini huko ndiko watoto wa vitongoji vya mbali wanakoanzia, ili wasitembee kilomita nyingi hadi shule mama wakiwa bado wadogo. Sehemu ya fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 ilitengwa kujenga madarasa 3,000 kwenye shule hizo. Ila jengo halifundishi. Mara nyingi mwalimu mmoja anajikuta na la kwanza na la pili chumba kimoja.

Mimi nilipelekwa shule ya namna hiyo, na nataka kueleza jambo moja tu nililoliona linasaidia: andalio la somo lianze na kazi ya watoto ambao kwa wakati huo huko nao.

Piga hesabu. Kipindi ni dakika 30. Ukigawa ubao katikati na kukimbia huku na huku, kila kundi linapata dakika 15 za mwalimu na dakika 15 za kusubiri. Yaani nusu ya mwaka mtoto anasubiri! Akihamia shule mama hajui kusoma, nani atarudi naye kwenye a, e, i, o, u?

Tuchukue kujumlisha. Mada iwe moja kwa wote, ugumu utofautiane. Dakika 5 za mwanzo wote wako pamoja: mama ana maembe 6 kwenye kapu, akaongezewa 3. Wanahesabu kwa sauti.

Kisha la pili wanageukia swali ulilokwisha kuliandika ubaoni kabla kengele haijalia: 27 na 15. Wana vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Wakikusanya 7 na 5 wanapata 12, wanafunga fungu jipya, vinabaki viwili. Jibu ni mafungu 4 na vijiti 2, yaani 42. Wewe hapo uko na la kwanza kwa dakika 10.

Halafu unabadilisha. Hapa ndipo pagumu, kwa sababu mtoto wa la kwanza mwanzoni mwa mwaka hawezi kusoma maelekezo ubaoni. Kazi yake lazima iwe ya mikono: vizibo vya soda 9, avigawe mafungu mawili kwa njia zote anazoweza, achore kila njia kwenye daftari. Hapo ana kazi ya dakika 10 bila kukuita. Dakika 5 za mwisho, wote pamoja tena, kila kundi linaonyesha lilichopata.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, usipange vikundi kwa darasa tu. Humo ndani kuna wa miaka 6 na kuna aliyechelewa kuanza ana 9; kwenye kusoma, wa la kwanza anayejua silabi akae na wenzake wa la pili. Pili, mtoto mkubwa kumwelekeza mdogo ni jambo zuri, naye anaelewa zaidi akieleza. Ila asigeuzwe mwalimu wa kila siku. Naye amekuja kusoma, jamani.

Hili si la kwetu peke yetu. Kolombia, tangu miaka ya 1970, kuna mpango wa Escuela Nueva, ulioanzia shule za vijijini zenye mwalimu mmoja au wawili. Watoto hufuata miongozo ya kujifunzia, kila mmoja kwa kasi yake, na mwalimu huzunguka.

Kwa hiyo ukipangiwa shikizi, kabla hujaanza kuomba kubadilishiwa, chora safu mbili kwenye andalio lako: “niko nao” na “siko nao”. Jaza ya pili kwanza. Na bumu likiingia, tenga kidogo ya manila na kalamu. Vizibo utaviokota bure.