Kipaji cha Nyumbani Chahitaji Malezi

Husikika mara kwa mara kwamba mtoto wa msanii huzaliwa na sanaa yake, wala hana haja ya kufunzwa. Sisi tunaona kwamba kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowahusu zaidi wazazi na viongozi. Ushahidi wetu ni maisha ya mpiga filimbi James Galway.

Galway alizaliwa mwaka 1939 katika mji wa bandari wa Belfast, Ireland ya Kaskazini. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kuundia meli, na baada ya vita akawa anasafisha mabasi usiku. Mama yake alifanya kazi katika kiwanda cha kusokota kitani. Hata hivyo, baba alipiga filimbi na mama alipiga piano. Alipokuwa na umri wa miaka 9 alifunzwa filimbi na mtu wa ukoo wake, akaingia katika bendi ya filimbi na ngoma. Alipotimiza miaka 11 alishinda kwa siku moja mashindano matatu ya filimbi ya Belfast: ya wadogo, ya wakubwa na ya watu wote.

Lakini ushindi huo haukumpa chakula. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akafanya kazi ya kutengeneza piano. Kilichomnyanyua ni kupata walimu, kwanza katika vyuo vya muziki vya London, kisha Paris. Baadaye aliajiriwa katika okestra za London, na tangu mwaka 1969 hadi 1975 alikuwa mpiga filimbi mkuu wa Berlin Philharmonic, chini ya Herbert von Karajan. Kwa jumla alitumikia okestra miaka 15, akitii nidhamu ya kundi, ndipo akajitegemea. Mwaka 2001 alitunukiwa cheo cha Sir.

Tuzingatie basi. Nyumba ilimpa mapenzi ya filimbi. Mtaa ulimpa bendi. Chuo kilimpa elimu. Okestra ilimpa mshahara. Ingekosekana moja tu kati ya hizo, huenda angebakia fundi wa piano.

Mcheza kwao hutuzwa, wamesema wahenga. Nasi twawaomba wazazi wasiwafiche watoto ala zao, na wenye mamlaka wakumbuke kwamba kumtuza msanii si kumpigia makofi peke yake, bali ni kumpatia mwalimu, ala na ajira.