Je, Mkristu Aweza Kuishi Katika Dhambi ya Mazoea?



Liko swali ambalo waamini wengi hulibeba kimoyomoyo hadi kwenye kiti cha maungamo: mtu aliyebatizwa, akiendelea kutenda dhambi ile ile mwaka hadi mwaka, bado ni Mkristu? Wako wanaojibu upesi kwamba huyo hakuwahi kuamini. Kanisa halisemi hivyo. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulifundisha kwamba dhambi ya mauti humpotezea mtu neema ya utakaso, lakini si lazima impotezee imani. Imani inayobaki ni ya kweli, ila haina uhai.

Mtume Yohane, katika waraka wake wa kwanza, aonekana kujipinga. Sura ya kwanza asema kwamba ajidaiye kuwa hana dhambi anajidanganya. Sura ya tatu asema aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Hakuna mgongano. Mmoja hujikwaa njiani akainuka. Mwingine amejenga nyumba pale pale alipoanguka.

Mtazameni mfanyabiashara aliyeichezea mizani yake. Kila Pasaka huungama kwamba amepunja watu. Juma linalofuata mizani ni ile ile. Huyu hakulemewa na udhaifu. Amefanya mapatano na dhambi, na mapatano hayo yanampatia faida. Hana kusudi la kutotenda tena, na pasipo majuto ya kweli kitubio chake ni bure, hata padre akitamka maneno ya maondoleo.

Mlevi aliyekwisha kutawaliwa na pombe ni habari nyingine. Mt. Augustino, aliyebatizwa Milano mwaka 387, aliyafananisha mazoea na mnyororo; nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yakiri kwamba mazoea yaweza kuupunguza wajibu wa mtu kwa tendo lake, hata kuuondoa.

Yuko mtakatifu ambaye wengi wenu hamjapata kumsikia. Marko Ji Tianxiang alikuwa tabibu Mkatoliki nchini China, katika karne ya 19. Aliugua tumbo, akajitibu kwa afyuni, nayo ikamtawala. Aliungama dhambi ile ile tena na tena, hata muungamishi wake akakataa kumwondolea, akidhani hana nia ya kuiacha. Kwa muda wa miaka 30 hivi Marko hakupokea Sakramenti, wala hakufaulu kuiacha afyuni. Lakini hakukoma kwenda kanisani. Mwaka 1900, wakati wa maasi ya Mabondia dhidi ya Wakristu, alikamatwa pamoja na jamaa zake, akakataa kumkana Kristu, akauawa. Yasimuliwa kwamba aliomba auawe wa mwisho, ili pasiwe na mmoja wa nyumba yake atakayekufa peke yake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 2000.

Muungamishi yule hakuwa mtu mbaya; elimu ya siku zile haikumwonyesha kwamba kutawaliwa na afyuni ni ugonjwa pia. Wala sitaki mlevi anisikiaye ajifariji kwa habari hii kabla hajamwendea padre, na daktari vilevile.

Marko alikuwa na dhambi asiyoipenda. Mwenye mizani anaipenda yake. Basi huyu asije kwangu na sala ndefu. Aanze kwa kuirekebisha mizani, kisha awarudishie aliowapunja, kama Zakayo alivyoahidi mbele ya Bwana. Na wale asioweza kuwatambua tena, kiasi chao awape maskini.