Ganda la Shilingi 60,000: Hesabu ya Kufufua Boti ya Faibaglasi Kitale na Bungoma

Boti kuukuu ya faibaglasi ya futi 18, isiyo na injini, ikiuzwa shilingi 60,000 Kisumu, humtamanisha mtu wa Kitale au Bungoma mwenye uwanja, grainda na nafasi baada ya mavuno ya mahindi. Hesabu anayoipiga kichwani huwa fupi: ganda, rezini kidogo, fundi wa wiki mbili tatu, basi. Hapa tunaipiga kwa urefu. Bei zilizotumika ni makadirio yangu, zimewekwa ili hesabu iende. Mwenye bei ya duka lake aiweke mahali pake. Kilo na mita za mraba ni habari nyingine, kwa kuwa hizo zinatokana na kazi yenyewe, wala hazipandi na dola.

Kwanza istilahi. Faibaglasi ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa rezini. Nyuzi huuzwa kama mati, yaani shuka la nyuzi zilizotawanywa bila mpangilio, na mati inayotumika sana ina gramu 450 kwa kila mita ya mraba. Rezini ya poliesta ni maji mazito yanayogeuka kuwa magumu yakichanganywa na kigandishi, asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake. Ikipakwa kwa mkono, mati hunywa rezini mara 2 hadi 2.5 ya uzito wake, na tabaka moja likikauka huacha unene wa milimita 1 hivi.

Boti ya futi 18 ni mita 5.5. Tuchukulie kwamba eneo la nje la ganda, chini na ubavuni, ni mita 14 za mraba. Tabaka mbili za mati juu yake ni mita 28. Sakafu ya mita 5, tabaka mbili juu na moja chini, ni mita 15. Ubao wa tezi, yaani ule wa nyuma unaobeba injini, pamoja na mihimili ya chini ya sakafu, tuupe mita 10. Jumla ni mita 53 za mati: kilo 23.9 za nyuzi na, kwa kiwango cha 2.5, kilo 59.6 za rezini. Tukiongeza asilimia 15 ya vipande vinavyotupwa na rezini inayogandia ndooni, tunanunua kilo 28 za mati na kilo 70 za rezini.

Rezini kwa shilingi 550 kilo ni 38,500. Mati kwa 600 ni 16,800. Kigandishi, kilo moja na nusu, ni 1,800. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18 kwa ajili ya tezi ni 7,000, mbili za milimita 12 za sakafu ni 10,000, na mbao za mihimili ni 6,000. Jelikoti, ile rangi ngumu ya nje, hutumia kama gramu 600 kwa mita ya mraba. Kilo 9 kwa shilingi 900 ni 8,100. Asetoni ya kusafishia ni 3,500. Misasa, brashi, rola, glavu na barakoa za kuzuia mvuke ni 12,000. Vyote ni shilingi 103,700. Muuzaji aulizwe mapema kama bei yake ina VAT ndani, kwa sababu asilimia 16 juu ya kiasi hicho ni shilingi 16,592.

Dhana ya kwanza ya kutilia shaka ni zile tabaka mbili za nje. Zinachukua mita 28 kati ya 53, zaidi ya nusu ya kazi yote ya mati, na huongeza kilo 44 kwenye boti ambayo injini yake itazisukuma siku zote. Katika boti nyingi za zamani kinachooza ni mbao zilizofunikwa ndani ya faibaglasi: tezi, sakafu, mihimili. Kioo chenyewe hudumu. Ganda likigongwa kwa nyundo ndogo likajibu kwa mlio mkavu kila mahali, halihitaji koti jipya, bali viraka tu. Bila tabaka hizo, mati inashuka hadi kilo 13 na rezini hadi kilo 33, na gharama ya vitu hivyo viwili inatoka 55,300 hadi 25,950. Nusu saa ya kugonga ina thamani ya shilingi 29,350.

Dhana ya pili ni ule uwiano wa 2.5. Fundi asiye na rola ya kukamulia, anayemwaga rezini mpaka mati ielee, hufika 3.5 kwa urahisi. Kwa mita zilezile 53 atahitaji kilo 96 badala ya 70. Hizo ni shilingi 14,300 zaidi, na boti inakuwa nzito zaidi bila kuwa imara zaidi, maana nguvu iko kwenye nyuzi.

Hali ya hewa nayo ina bei. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma takriban 1,400. Kwa kanuni ya kawaida ya nyuzijoto 6.5 kwa kila mita 1,000, tofauti ya mita 500 ni nyuzi 3 hivi. Zinaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba rezini ya poliesta chini ya nyuzi 15 huganda kwa kusuasua na inaweza kubaki laini, na usiku wa Kitale hushuka chini ya hapo. Kuongeza kigandishi kupita asilimia 2 hakuponyi tatizo. Mvua kubwa za Trans Nzoia huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Oktoba, mara nyingi zikinyesha alasiri, na mati yenye unyevu haishiki. Kwa hiyo wakati wa kazi ni Desemba hadi Februari, miezi ileile ambayo ghala la mahindi limejaa. Ghala likiwa tupu, kuna mvua. Ndiyo maana naweka shilingi 18,000 za kibanda cha nailoni na vifaa vya mkono.

Mafundi wawili kwa siku 25, kila mmoja 1,500 kwa siku, ni 75,000. Kazi ikiangukia mvua na kurefuka kwa siku 10, inaongezeka 30,000, yaani asilimia 40. Wengi husema kazi ya mikono yao ni bure. Siyo bure ikiwa Januari ileile ungekuwa unauza mahindi au kutayarisha shamba.

Sasa usafiri, ambao hesabu ya kichwani huusahau. Kutoka Kisumu hadi Kitale ni takriban kilomita 160, hadi Bungoma takriban 110. Lori kwa shilingi 100 kwa kilomita, kwenda na kurudi, ni 32,000 kwa Kitale na 22,000 kwa Bungoma. Lakini boti husafiri mara mbili: kuja ikiwa mbovu na kurudi ikiwa nzima. Kwa hiyo ni 64,000 na 44,000. Kwa mtu wa Kitale usafiri unazidi rezini na mati zikiwekwa pamoja. Jambo hili si geni katika Ziwa Victoria. Meli ya SS William Mackinnon ililetwa vipande vipande kutoka pwani, ikaunganishwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900, kabla ya reli kufika huko mwaka 1901. Waliiunganishia ufukweni.

Anayefikiria Ziwa Turkana aongeze. Kitale hadi Lodwar ni takriban kilomita 300, na Kalokol ni mbele zaidi, kama 360 kwa jumla. Safari moja ya lori, kwenda na kurudi, ni 72,000, karibu asilimia 70 ya vifaa vyote. Kalokol pia kuna kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa fedha za Norway ambacho kiligandisha samaki kwa muda mfupi sana. Gharama ya kuendesha majokofu na kupata maji safi ilikishinda. Fedha za kujenga zilipatikana, za kuendesha hazikupatikana.

Boti nayo iko hivyo. Injini ya nguvu za farasi 25 ikikimbizwa kwa kasi yote hunywa kama lita 10 kwa saa. Kwa shilingi 180 lita, saa moja ni 1,800. Saa 58 za mwendo huo zinamaliza kiasi kilekile cha vifaa vyote vya ukarabati.

Tujumlishe kwa Kitale: ganda 60,000, vifaa 103,700, kibanda na zana 18,000, mafundi 75,000, usafiri 64,000. Ni shilingi 320,700 kabla ya injini. Kwa Bungoma ni 300,700. Ukiifanya kazi Kisumu penyewe, bila lori lakini kwa malazi na chakula cha 1,200 kwa siku 25, ni 286,700. Injini iliyotumika ya 180,000 na jaketi sita za kuokolea za 18,000 zinafikisha boti ya Kitale 518,700, na ada za ukaguzi na leseni za KMA, mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya, hazimo humo. Ndani ya jumla hiyo rezini na mati ni karibu asilimia 11. Ukibembeleza ukapunguziwa rezini kwa asilimia 20, umeokoa 7,700, yaani asilimia 1.5 ya gharama nzima.

Linganisha na ganda jipya. Tuseme linauzwa 550,000 na kudumu miaka 20: ni 27,500 kwa mwaka. Lililofufuliwa Kitale likidumu miaka 8 ni 40,090 kwa mwaka. Likidumu 12 ni 26,725. Uamuzi wote umelala katika miaka hiyo minne. Asiye na fedha taslimu akumbuke pia kwamba tofauti ya 229,300 ikikopwa kwa riba ya asilimia 12 ni 27,516 mwaka wa kwanza peke yake, kiasi kinachorudisha ganda kuukuu kwenye ushindani.

Kinachotenganisha miaka 8 na 12 mara nyingi ni maji yanayopenya kwenye matundu ya boliti za injini na kuozesha tezi upya. Kuyaziba matundu hayo kwa gundi ya epoksi, kilo moja ya shilingi 2,000 hivi, ni asilimia 0.6 ya gharama ya ganda. Ni kazi ya mwisho, inafanywa fedha zikiwa zimeisha, na ndiyo inayorukwa.

Kwa bei hizi, boti iliyoko Kisumu sioni sababu ya kuipandisha Kitale: shilingi 34,000 zaidi, na hewa mbaya zaidi kwa rezini. Bungoma inazidi Kisumu kwa 14,000 tu, na kwa mwenye fundi anayemwamini na banda kavu, inafaa. Wa Kitale afanye kazi hii ikiwa ganda tayari liko uani kwake, na alipime kwa nyundo kabla ya kununua hata kilo moja ya rezini.