Urea inawaka, chumvi inabakia mu giza

Zile foto za kristali zenye rangi kama kitenge tunazionaka kwenye telefone, bengi banazani ni kazi ya kompyuta. Hapana. Ni fizika, na mutu wa agronomia anaweza kuitumikisha.

Mwangaza wa taa unatikisika pande zote. Filtri ya kwanza ya polarizasio, chini ya lamu ya mikroskopi, inaacha upande moja tu upite. Ya pili, juu ya objektifu, unaigeuza digrii 90 na inafunga ule uliobakia. Ukiangalia, paka giza. Lakini kristali ya urea inagawanya mwangaza mara mbili, kila sehemu na mwendo wake. Zikiungana kwenye filtri ya pili, rangi zingine zinazimika, zingine zinapita. Njo maana kristali ikiendelea kunenepa, rangi inabadilika. Mu 1888 mujeolojia Mufaransa Auguste Michel-Lévy alitoa chati ya zile rangi, na bajeolojia bangali banaitumia.

Filtri haiombe pesa mingi: kata miwani ya jua yenye polarizasio, ao toa plastiki ya sikrini ya mashine ya kuhesabia iliyokufa. Yeyusha urea kidogo mu maji, weka tone moja kwenye lamu, lisambaze, usifunike. Tumia objektifu ndogo, ya 4, juu ile kubwa inakaribia sana na mvuke wa maji unaiharibu. Kristali inaanzaka kando ya tone, pale maji yanakauka mbele, kisha sindano zinakimbia kuelekea katikati. Funga telefone kwenye jicho la mikroskopi isitikisike, zuia kamera isijibadilishie mwangaza yenyewe, piga foto kila sekunde 5.

Sasa fanya vile vile na chumvi ya jikoni. Kristali zake ni kama visanduku, na ndani zimepangwa sawasawa pande zote, kwa hiyo hazigawanye mwangaza. Zinabakia nyeusi. Kloriri ya potasiamu, mbolea tunayoijua sana, nayo ni vile vile.

Hapa njo kuko faida. Sokoni mbolea inauzwaka pia kwa kilo, mu mufuko wazi, na mukulima anaamini paka macho: vyote ni vyeupe. Urea ya kweli iko na 46% ya azoti. Chumvi haina hata kidogo, tena inaua mimea. Kama «urea» yote imebakia mu giza, hata ukizungusha lamu, ile si urea.

Lakini tuangalie: kuwaka peke yake hakutoshi. Sukari nayo inawaka. Na giza haitenganishe chumvi na potasiamu. Kila mara weka pembeni tone la urea ambayo una hakika nayo, ulinganishe. Giza inakatala, kwa kukubali, bado tunahitaji laboratwari.

Wenye kuwa na mikroskopi kwenye fakulte, mujaribu, mutuletee foto hapa.