Topu ya joto siyo blauzi iliyotolewa mikono

Joto la Dar ndo hilo linakuja, Desemba mpaka Machi, na najua wengi tunajiandaa kushonesha topu zisizo na mikono za kuuza mtandaoni. Kabla hujampelekea fundi kitambaa soma hii kwanza, maana mimi ilinila laki na ishirini.

Nina patani ya blauzi, yaani zile karatasi za kukatia nguo, ya mikono mifupi. Wateja wangu wanaipenda sana, inakaa mwilini vizuri. Sa mwaka juzi joto lilipoanza nikajiambia kuchora mpya ya nini? Nikaenda kwa fundi na patani ileile, nikamwambia, "Shikamoo fundi. Naomba ukate hii hii, ila mikono usiweke." Yule mzee akaniuliza mara mbili, "Binti, una uhakika?" Nikamwambia ninao. Ushonaji sijasomea popote, nilimaliza kidato cha nne nikaanza kuuza mitumba kwa simu, ila kwa kujiamini sijambo. Akakata ishirini.

Kwenye picha zilitoka kali, maana mdoli hanyanyui mkono. Sh 15,000 moja, siku mbili zikaisha. Halafu meseji zikaanza. "Dada topu nzuri, ila nikishika bomba kwenye daladala sidiria yote nje." Mwingine akanitumia picha, pale kwapani pamefunguka kama mdomo. Zikarudi nane. Hiyo ni Sh 120,000 ya kurudishia watu, na mtaji wenyewe ulikuwa wa kikoba, rejesho Ijumaa.

Nikarudi kwa fundi kichwa chini. Hakunisema, alichukua chaki akanionyesha. Blauzi yenye mkono, tundu lake la mkono linachimbwa chini kidogo ili mkono uweze kusogea, na bega linafika mpaka kwenye mfupa kwa sababu mkono unaanzia pale. Ukiutoa mkono, lile tundu linabaki kubwa halina cha kuliziba, na bega linachomoza pembeni kama kibawa. Kwa hiyo kutoa mkono ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuchora tundu upya.

Sasa nafanya hivi. Nanakili patani kwenye karatasi nyingine ya kaki, ile ya zamani siigusi kabisa. Patani yangu haina nafasi ya kushonea, naiongeza nikiwa nakata kitambaa. Kama yako inayo, ichore kwanza ili usichanganye vipimo.

Naanza na bega, mbele na nyuma. Napunguza inchi moja upande wa mkono, siyo upande wa shingo. Halafu nashuka kwapani, napandisha tundu nusu inchi juu, na pale pale kwapani naingiza mshono wa ubavuni robo inchi. Robo inchi inaonekana ndogo, lakini nguo ina kingo nne za ubavuni, mbili za mbele mbili za nyuma, kwa hiyo duara zima la kifua linapungua inchi moja. Blauzi yangu ya kifua 36 ilikuwa na upana wa 39, sasa inabaki 38. Inatosha kupumua na haiachi mwanya. Baada ya hapo naunganisha zile alama kwa mkunjo laini. Mkunjo ukiwa na kona, nguo itavuta hapo.

Utaniuliza, sasa kama umebana kwapani hiyo topu ya joto iko wapi? Hapa ndo utamu wenyewe. Kwapani nguo ikae karibu na mwili, upepo uingilie chini. Na upana wa chini unao tayari kwenye karatasi yako, umejificha kwenye dati.

Dati ni ule mkunjo unaoshonwa kutoka ubavuni kuelekea kifuani ili nguo ipate umbo. Chora mstari ulionyooka kutoka chini ya karatasi ya mbele mpaka kwenye ncha ya dati. Kata mstari huo kwa mkasi. Kisha kata mstari mmoja wa dati kutoka ubavuni kwenda kwenye ncha ile ile, ila usiitenganishe kabisa, acha kipande chembamba kama uzi kishikilie. Sasa funga mdomo wa dati, bandika selotepu. Utaona karatasi inafunguka yenyewe chini! Siku ya kwanza nilicheka peke yangu. Dati yangu ilikuwa inchi moja mdomoni, chini ikafunguka kama inchi tatu. Hiyo ni nusu ya mbele tu, mbele nzima unapata sita. Umbo la kifua halijapotea, limehamia chini, na fundi hana dati ya kushona tena. Bandika karatasi kwenye ule uwazi, mstari wa chini uuchore upya uwe na mkunjo laini.

Nyuma usipasahau. Kata mstari kutoka chini mpaka karibu kabisa na mstari wa bega, ufungue kwa kiasi kile kile, la sivyo mbele inacheza na nyuma imekaza. Halafu laza karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Urefu wa mishono lazima ulingane.

Blauzi ilikuwa na zipu mgongoni. Topu pana haihitaji, na ni hela umeokoa, ila pima kichwa kwanza. Changu ni inchi 22, kwa hiyo duara la shingo likiwa chini ya hapo haipiti. Au weka mpasuo mdogo nyuma na kifungo kimoja.

Kumalizia tundu la mkono, kata ukanda wa kitambaa kimshazari, upana inchi moja na robo. Uliokatwa wima hautakubali kuzunguka kona. Ukifika kwapani uvute kidogo sana wakati unashona, ukigeuzwa ndani unalala. Piga pasi.

Zile nane zilizorudi sikuzitupa. Fundi aliingiza mshono wa ubavuni, akazungushia ukanda wa rangi nyingine unaoonekana nje, nusu inchi, ule ukanda ukapunguza tundu. Sita zikauzika kwa Sh 10,000. Mbili navaa mimi nyumbani.

Kuhusu kitambaa, tafuta pamba. Muuzaji akikwambia pamba, omba nyuzi mbili tatu uzichome. Pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Ya plastiki inayeyuka na kuganda kashanga kagumu, hiyo mteja atatoka jasho mpaka akuchukie. Loweka kitambaa na ukianike kabla ya kukata, pamba nyingi zinaruka. Khanga nayo ni nzuri, yale mavazi ya Mtaa wa Uhuru tunayajua. Kipande kimoja kama mita moja na nusu kwa moja na kidogo kinatoa topu hii ya kifua 36. Ila amua mapema jina la khanga litakaa wapi. Mimi niliwahi kukata maneno katikati, nusu iliyobaki kifuani ikawa matusi, na mteja alikuwa anaenda nayo kwa wakwe.

Usikate ishirini tena. Shona moja ya shuka la mtumba, mvalishe mtu wa kweli, mwambie anyanyue mkono, ainame, akae. Ikipita, ndo kitambaa kizuri. Na picha ya mkono ukiwa juu weka kwenye posti yako, tangu nianze kuiweka maswali ya kwapani yameisha. Andika pia kipimo cha nguo yenyewe ikiwa imelazwa, kwapa mpaka kwapa. Hiyo ya 38 ni inchi 19. M kwako inaweza kuwa L kwa mwenzako.

Kwa wateja wa kifua 42 kwenda juu, dati inakuwa kubwa na ukiifunga yote chini panafunguka mno, nguo inakuwa hema. Hapo nafunga nusu ya dati, nusu inayobaki fundi anaishona kama kawaida.