Bosi Akisema Utapewa Gunia

Ndugu msomaji, kusoma na kuandika umekwisha kujua. Barua unasoma, jina lako unaandika, hesabu zako unapiga. Leo tujifunze jambo jingine: misemo ya Kiingereza inayotumika kazini. Utasema, "Mimi niko kijijini, ya nini hayo?" Lakini huenda kesho ukaenda mjini kutafuta kazi. Au mwanao yuko huko sasa hivi. Kwa hiyo sikiliza.

Tuanzie Kariakoo, Dar es Salaam. Jina hili lilitokana na kazi. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani. Jeshi lao lilikuwa na kikosi cha wapagazi Waafrika, waliobeba chakula, risasi na mizigo mingine. Kwa Kiingereza kikosi hicho kiliitwa "Carrier Corps". Wapagazi waliwekwa kambi mahali pale. Watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, jina la asili hiyo hiyo.

Maneno mengine ya kazi yaliingia kwa njia hiyo. Manamba ni wafanyakazi walioandikishwa kwenda mashamba ya mkonge. Kila mtu alikuwa na namba yake. Deiwaka ni dereva au kondakta anayeshika daladala kwa siku tu, badala ya mwenye kazi. Maana yake kwa Kiingereza ni mfanyakazi wa siku.

Maneno hayo si magumu, kwa sababu tumekwisha yafanya yetu. Ugumu uko kwenye misemo. Msemo hauna maana ya neno moja moja. Hata Kiswahili ni hivyo. Mtu akisema, "Kibarua changu kimeota nyasi," hatuendi kutafuta jembe. Tunajua kazi imekwisha. Akisema, "Nimemwaga unga," hatuangalii chini. Mgeni wa Kiswahili atashangaa. Basi na sisi hushangaa vivyo hivyo kwa Kiingereza.

Tuseme kijana ametoka Kilosa. Amepata kazi katika stoo moja mtaa wa Msimbazi. Bosi wake anapenda kuchanganya Kiingereza. Tazama misemo hii minne.

1. "Get the sack." Tamka: geti dhe saki. Neno kwa neno ni "kupata gunia". Kijana wa stoo anaweza kufikiri ataletewa gunia abebe. Kumbe maana yake ni kufukuzwa kazi! Kwetu tunasema kibarua kimeota nyasi.

2. "Pull up your socks." Tamka: pul ap yo soksi. Neno kwa neno ni "vuta soksi zako juu". Kijana anaangalia miguu yake: amevaa kandambili, soksi hana. Maana yake ni ongeza bidii, kazi yako haitoshi. Kwetu tunasema, "Kaza buti!" Hapo tunafanana na Waingereza: wao soksi, sisi buti.

3. "Cut corners." Tamka: kat konaz. Huu ni wa kuangalia sana. Kwa Kiswahili dereva hukata kona, wala si kosa. Kwa Kiingereza msemo huu ni lawama. Maana yake ni kufanya kazi kwa njia ya mkato, bila utaratibu, ili imalizike upesi au kwa bei rahisi. Fundi anayepunguza saruji kwenye zege anafanya hivyo. Kwetu tunasema amelipua kazi.

4. "Learn the ropes." Tamka: len dhe rops. Neno kwa neno ni "jifunze kamba". Inadhaniwa msemo huu ulitoka kwa mabaharia. Ndugu zetu wa pwani wataelewa upesi: asiyejua kamba za jahazi hawezi kupandisha tanga. Maana yake ni kujifunza kazi mpya mpaka uizoee.

Je, ufanye nini usipoelewa? Wengi wetu huitikia tu, "Ndiyo bosi." Tunaona haya. Hapo ndipo hasara inapoanza. Ukiitikia usichokielewa, umekubali usichokijua. Uliza hivi: "Samahani bosi, sikuelewa. Una maana gani kwa Kiswahili?"

Kuuliza huko kuna nguvu ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Maelezo hayo hutaja kazi yenyewe, saa za kazi na mshahara. Kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri lazima ahakikishe ameelezwa kwa namna anayoielewa. Kwa hiyo usitie sahihi wala dole gumba kabla ya kuelewa.

Neno "ovataimu" nalo lijue vizuri. Ni saa za ziada. Malipo yake yasipungue mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kama saa moja hulipwa shilingi 1,000, saa ya ziada isipungue shilingi 1,500.

Na lile gunia je? Bosi akitaka kukuachisha kwa notisi, asiishie kusema kwa mdomo, iwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Notisi iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe. Isome. Itunze. Ukiona umeachishwa isivyo haki, peleka shauri lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Usikae nyumbani ukisubiri, siku hazigandi.

Ndugu msomaji, wale wapagazi wa mwaka 1916 walibeba mizigo ya watu, na wengi wao hawakujua kusoma. Wewe unajua. Usibebe neno usilolijua uzito wake. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujipima
1. Jina Kariakoo lilitoka wapi?
2. Kukata kona kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kunatofautianaje?
3. Ukipewa karatasi ya kazi usiyoielewa, utafanya nini kabla ya kutia sahihi?